Ziwa la Vioo Vitatu

Mke wangu alipopiga simu kusema anakuja Bunia kwa ubatizo wa mjukuu wa dada yake, nilihesabu nikaona nina wiki tatu za kutengeneza kitu kitakachomfanya abaki. Nasema hivyo sasa bila haya. Wakati ule, mtu angeniuliza, ningemjibu kwa ukali kwamba dirisha la sebule lina ufa na mimi ni fundi wa vioo, yeye ana shida gani?

Alikuwa ameondoka miaka mitatu kabla. Mama yake aliugua huko kwao, upande wa Mahagi, kwenye mteremko unaoshukia ziwani, naye akaenda kumuuguza. Alitia nguo chache kwenye mfuko, akapanda pikipiki kwenye kona yetu hapa mtaa wa Lumumba, akaniambia, "Nakuya," yaani nakuja. Huku kwetu hakuna anayesema anakwenda. Mtu akienda sokoni husema nakuya, akienda Komanda husema nakuya, hata anayehama na godoro lake kichwani hugeuka mlangoni akasema nakuya. Ni adabu tu, ili anayebaki asijione ameachwa. Nimelitumia neno hilo maisha yangu yote, na bado lilipotoka kinywani mwake nililishika kama ahadi. Mama mkwe alifariki mwaka ule ule. Nilikwenda kumzika, nikakaa siku za matanga, nikarudi peke yangu, yeye akabaki kwa sababu kulikuwa na shamba la kuvunwa. Baada ya mavuno kukawa na nyumba ya marehemu ya kuezeka. Baada ya hapo ikawa barabara.

"Njia haiko muzuri, Papa," aliniambia kwenye simu.

Na kweli, barabara hiyo haichezewi. Kuna majuma inafungwa, kuna majuma magari yanasubiriana ili yaende pamoja. Kwa hiyo nilimwambia angoje kwanza. Mwezi uliofuata alisema vile vile, nami nikajibu vile vile. Ila kila Alhamisi asubuhi nilikwenda sokoni kununua samaki wa chumvi kwa wanawake waliotoka ziwa lile lile kwa barabara ile ile. Nilichagua samaki, nikawauliza habari za safari, wakanijibu salama tu. Nilikula samaki hao miaka mitatu bila kujiuliza swali hata moja.

Nyumba yetu ni vyumba vitatu, na karakana iko uani. Binti yetu wa pekee ameolewa Kisangani. Hupiga simu Jumapili baada ya misa, huuliza kama nakula. Nakula. Kupika si kazi ya kumshinda mtu anayekata kioo bila kukipasua. Kilichonishinda ni vijipande. Fundi wa vioo hakosi vijipande vinavyoingia vidoleni, vidogo hata havionekani, unavisikia tu ukishika kikombe. Mke wangu alikuwa akivitoa kwa sindano, amekaa barazani, huku akinigombeza. Vya mkono wa kushoto naviweza mwenyewe. Vya mkono wa kulia nilijifunza kuishi navyo, na nakiri kwamba kuna mchana mmoja nilikaa kitandani nikiutazama mkono huo, machozi yakanitoka kwa hasira.

Kazi ya vioo vya rangi nilifundishwa ujanani na mtawa mmoja mzee wa misheni, Mzungu mkali aliyefunga miwani yake kwa uzi. Baba yangu, mfanyabiashara aliyehamia hapa kutoka Butembo, alitaka niuze vitenge. Mimi nikataka kukaa na yule Mzungu nikitukanwa kwa lugha nisiyoielewa. Siku hizi hakuna anayeniomba dirisha la rangi. Watu wanataka vitre, kioo cheupe cha kawaida, na wanaitaka leo leo. Lakini chini ya meza ya karakana nilikuwa na sanduku la vipande nilivyoviokota miaka mingi: mabaki ya madirisha ya makanisa, kioo cha mlango wa ofisi iliyobomolewa, vipande vilivyobaki katika sanduku la yule mtawa alipokufa. Sikuwa nimewahi kuvitumia kwa ajili ya nyumba yangu mwenyewe.

Nilichotaka kutengeneza ni ziwa. Si ziwa la kadi za Krismasi. Mke wangu, tangu tulipooana, alikuwa na ubishi mmoja juu ya rangi ya maji ya kwao asubuhi, kabla jua halijavuka vilima vya Uganda ng'ambo. "Haiko bulu, haiko ya majani," alikuwa akisema. "Iko kati, na tena iko na ka moshi ndani." Nikimwonyesha kitambaa, anasema hapana. Nikimwonyesha kioo, anasema hapana. Miaka ishirini na sita ya hapana. Niliona kwamba nikiipata rangi hiyo, nikaiweka kwenye dirisha la sebule, pale alipokuwa akikaa kuchambua maharage, sitahitaji kusema kitu. Dirisha litasema. Mimi kusema si kazi yangu.

Kioo kimoja hakikutosha. Kile cha bulu peke yake kilipiga kelele kama beseni la plastiki. Nikakiwekea kingine cha kijani hafifu kwa nyuma, ndivyo mtawa alivyotufundisha: ukikosa rangi, panga vioo viwili tabaka kwa tabaka katika fremu moja, mwanga upite kote kuwili, rangi ya tatu itatokea yenyewe. Ikatokea, ila ilikuwa changa, haina moshi. Nikatafuta sandukuni siku mbili. Nikapata kipande kilichotoka kwenye ule mlango wa ofisi, rangi ya chai isiyo na maziwa. Nikatoka uani, nikaviinua vyote vitatu kuelekea angani. Ziwa likaja. Nilipiga ukelele hadi mama jirani wa ng'ambo ya barabara akachungulia juu ya ukuta wake.

"Papa, unapamba nyumba vile? Unatafuta bibi mupya?"

"Wa zamani angali iko," nilimjibu.

"Iko wapi sasa?"

Nikaingia ndani. Mwanamke yule ana ulimi, lakini hakuwa na kosa, ndiyo maana nilimchukia siku nzima.

Kazi yenyewe ilinila wiki mbili na nusu. Vioo vya dirisha la namna hii hushikwa kwa vipande vyembamba vya risasi vyenye mfereji kila upande. Mfereji wa kawaida unameza kioo kimoja, ukiubembeleza unameza viwili. Kwa vitatu ilibidi niyeyushe risasi mwenyewe na kuimimina katika kalibu ya mbao niliyoichonga. Kuipata nako ni kazi. Kwa Kiswahili risasi ni madini na ni chakula cha bunduki, na katika mji wetu mtu mwenye akili timamu hazunguki sokoni akiuliza nani ana risasi. Niliomba plomb, Kifaransa kikaniokoa. Umeme ulipokatika nilichoma chuma cha kulehemu kwenye makaa ya babula, lile jiko letu dogo, kama nilivyofundishwa. Niliongea na vile vioo kuliko nilivyokuwa nimeongea na mtu mwaka mzima. Nilipanga vilima kwa kijani kizito, mbingu kwa kioo cheupe cha maziwa, na maji, robo tatu ya dirisha zima, kwa tabaka tatu. Kila kipande nilikijaribu uani, mikono juu, jua la saa tatu likipita ndani yake.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na mtoto wa shule angeliona. Dirisha la sebule haliangalii angani. Linaangalia chini ya bati la baraza, na baada ya baraza kuna ukuta wa rupango, yaani kiwanja, ya jirani mwingine, ule alioupandisha matofali hadi juu zama zile za vita kila mtu alipopandisha ukuta. Nimeishi katika nyumba ile miaka ishirini na mitano. Nilijua kila kitu hicho. Lakini nilikuwa nimepata rangi niliyonyimwa miaka yote, na mtu aliyepata haulizi mwanga utatoka wapi.

Nililipachika Ijumaa, siku moja kabla hajafika. Sebule ikazimika. Nikajiambia ni mawingu. Nikatoka nje kutazama, hakukuwa na wingu hata moja. Nikarudi ndani, nikafagia, nikasogeza kiti chake karibu na dirisha, nikajiambia macho yatazoea.

Alifika Jumamosi kabla ya adhuhuri, amepakiwa pamoja na mizigo nyuma ya pikipiki, na beseni la samaki mapajani. Alikuwa amevaa kitenge nisichokijua. Nilikuwa nakijua kila kitenge chake, vingine nilivinunua mimi, na kile chenye maua ya njano sikuwahi kukiona. Kilinichoma kuliko nilivyotarajia.

"Papa."

"Mama. Karibu."

"Asanti. Umekonda."

"Njia ilikuwa aje?"

"Muzuri tu," alisema, akanipa beseni.

Aliingia sebuleni mbele yangu, akagonga goti kwenye meza ndogo. "Juu ya nini ulifunga dirisha?"

"Sikufunga. Angalia muzuri."

Akasogea. Akaweka uso karibu na kioo, akakunja macho. "Iyi ni nini?"

"Mai ya ziwa ya kwenu. Ya asubui."

Najua alikuwa akitafuta namna ya kuniambia bila kuniumiza, kwa sababu alinishika mkono kwanza. "Mai ya kwetu haiko nyeusi, Papa."

Damu ilinipanda. Sina sifa ya upole, na wiki tatu za kazi zilikuwa zimesimama pale ukutani zikionekana kama ubao wa darasa. Nilichukua koleo, nikang'oa misumari, nikalitoa lile dirisha zima na fremu yake, nikalibeba mikononi hadi uani. Uzito wake ni wa mtoto wa miaka mitano. Nikaliinua juu ya kichwa, nikamwambia aje asimame hapa, hapana, hapa, aangalie sasa. Jua likapita. Yeye alikuwa upande wa pili wa kioo, simwoni vizuri, naona rangi ya njano ya kitenge ikitembea ndani ya maji. Kisha ikasimama.

"Eh," alisema. "Njo yenyewe."

Ndiyo yenyewe! Nilikuwa nimengoja maneno hayo tangu ujana wetu.

"Njo yenyewe, Papa. Na ka moshi iko ndani." Sauti yake ilikuwa imebadilika. Halafu akasema, "Iko muzito, Papa. Weka chini."

Jumapili tulikwenda kwenye ubatizo, tukakaa na ndugu zake, tukala. Jumatatu asubuhi nilimkuta karakanani, amekaa juu ya kreti lililogeuzwa, dirisha likiwa mezani mbele yake. Katika ndoa yetu yote aliingia karakana ile kuniita kula, au kuniambia kuna mgeni. Kukaa hakuwahi kukaa, na sasa nikifikiri, hakukuwa na kitu cha kukalia.

"Tutoe moja," alisema. "Tuone."

Tukatoa. Nilichoma kisu kwenye makaa, nikafungua risasi pole pole, yeye akapokea vipande. Tulitoa kioo cha chai kwanza. Akabeba vile viwili vilivyobaki hadi dirishani mwa sebule, akavishika pale, nami nikatazama kutoka kwenye kiti chake. Bado kizito. Tukatoa na kile cha kijani, tukaweka cha maziwa mahali pake, kisha tukakijaribu kile cha bulu na kingine chenye kijani kidogo sana, kama maji uliyooshea mboga. Alikuwa na jicho. Sikujua kwamba ana jicho. Alisema hapana mara nyingi, lakini sasa hapana zake zilikuwa na sababu, nami nilizisikiliza.

Kuna sheria moja ya kazi hii ambayo haina huruma. Kinachoingia kati ya tabaka mbili kinabaki humo. Vumbi, jasho, unywele, alama ya kidole, ukishafunga risasi na kulehemu, hakuna kitambaa kitakachofika. Kwa hiyo kila uso wa ndani unapanguswa kwa spiriti, na baada ya hapo kioo kinashikwa kingoni tu.

"Usiguse ndani," nilimwambia.

"Sasa nishike wapi?" Akacheka, akakigusa makusudi. Nikapangusa. Akakigusa tena.

Tuliongea. Naandika neno hilo moja kwa sababu sijui namna ya kulikuza. Nilisikia juu ya shamba lake la maharage, juu ya wajane wawili anaouza nao samaki, juu ya kondoo mmoja wa jirani anayeingia kanisani. Alicheka kwa ajili ya watu ambao sikuwajua. Mimi nilimweleza juu ya vijipande vya mkono wa kulia. Aliniangalia, akaingia ndani kutafuta sindano, akanitolea vitano, huku akinigombeza kama zamani. Nilifurahi, kwa nini nifiche? Nilifurahi hadi nikawa mwizi: kazi ya siku moja niliigawa siku tatu. Nilikata kioo kwa uvivu. Niliacha makaa yapoe. Nilikuwa na hakika kwamba dirisha linafanya kazi niliyolituma, ila kwa njia yake.

Alhamisi asubuhi maji yote yalikuwa mezani, tabaka mbili mbili, bado hayajafungwa. Niliwasha babula, nikatoka nikamkuta barazani, mfuko wake umefungwa, kile kitenge cha njano mwilini. Kijana wa pikipiki alikuwa akingoja barabarani.

"Naenda, Papa," alisema.

Nilisubiri lile neno lingine. Halikuja.

"Unasema aje?"

"Nasema naenda."

"Juu ya dirisha? Tutatoa tena moja. Haiyaisha."

"Dirisha iko muzuri." Aliketi, ingawa mwenye pikipiki alipiga honi. "Mara ile nilikuambia nakuya. Ilikuwa bongo, na miye mwenyewe sikujua kama nakudanganya. Leo sitaki kukudanganya."

"Lakini hizi siku tatu, Mama."

"Njo nasema. Hizi siku tatu ulisema na miye kuliko miaka yote. Ulisema kwa sababu kazi ilikuwa kati yetu. Kazi ikiisha utanyamaza, na miye nitarudia kusikiliza ukuta. Kule niko na batu. Niko na kazi yangu. Nazeeka, Papa, sitaki kuzeeka mu kimya."

Nilitaka kukasirika, nikaitafuta ile hasira yangu ninayoijua, haikuwepo. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Mimi sikuwahi kumwambia toka. Miaka ishirini na sita sikuwa nimemwambia kitu chochote, na nilidhani huo ni upole. Nilimsaidia kufunga mfuko kwenye pikipiki. Alinipa mkono, kisha akaghairi, akanishika shingo na kunivuta kwake, mbele ya jirani mwenye ulimi na barabara nzima. Wakaondoka, vumbi likasimama, likashuka.

Nilirudi karakanani kwa sababu sikuwa na mahali pengine. Makaa yalikuwa tayari. Nilichukua kipande kikubwa cha bulu, kile cha katikati ya ziwa, nikakigeuza kukifunga na mwenzake, na kwenye uso wake wa ndani kulikuwa na alama za vidole vinne, wazi kabisa, na mistari yake yote. Alikuwa amekigusa jana, tukicheka, nami nikasahau kupangusa. Nilikaa nacho juu ya magoti. Hakuna ambaye angejua. Alama zile zingekaa humo ndani kupita umri wangu, na mwanga wa asubuhi ungezionyesha kila siku, nami ningekaa kwenye kiti kile nikizitazama na kungoja. Nilijua ningengoja. Ndiyo kazi niliyoifanya miaka mitatu, na niliifanya vizuri.

Nikamwaga spiriti kwenye kitambaa, nikapangusa. Nililia, sikatai. Mafuta ya mkono si kitu mbele ya spiriti, yalitoka mara moja, lakini nilipangusa tena na tena hata kilipokuwa kimetakata. Kisha nikakilaza juu ya mwenzake, nikafunga risasi, nikalehemu.

Adhuhuri dirisha lilikuwa mahali pake. Maji si yale yenyewe, yamekosa moshi, lakini sebule ina mwanga. Asubuhi iliyofuata nilikaa pale na kikombe cha chai, mkono wa kulia haukuniuma popote, na nikakinywa chote bila kuitazama simu.